Chungulia kinywa cha mbwa wako angali mzima

Ukipita jioni katika mtaa wa Membley mjini Ruiru, au Section 9 na Ngoingwa mjini Thika, mbwa atakutambua kabla mwenye nyumba hajakutambua. Karibu kila lango lina wake. Tangu barabara kuu ya Thika iliyopanuliwa ilipofunguliwa rasmi mwaka 2012, watu wengi wamehamia sehemu hizi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba mji wa Ruiru ulikuwa na wakazi zaidi ya 490,000, na Thika zaidi ya 250,000. Mahali palipokuwa na mashamba ya kahawa sasa pana nyumba za mawe, na nyuma ya kuta zake pana mbwa wa kulinda mali.

Mbwa huyo tunamfuga kwa sababu ya meno yake. Hayo ndiyo yanayomfanya mwizi afikiri mara mbili. Jambo la kushangaza ni kwamba meno hayo hayo ndiyo sehemu ya mwili wa mbwa ambayo wengi wetu hatujawahi kuitazama. Tunajua rangi ya manyoya yake na sauti yake usiku. Ukimwuliza mwenye mbwa fizi za mbwa wake ni za rangi gani, atakucheka.

Mimi ni daktari wa watu, si wa mifugo. Kumtibu mbwa ni kazi ya wenzangu waliosomea kazi hiyo, nami siwanyang'anyi. Hata hivyo kinywa cha mbwa huja kunitafuta mimi pia. Huja kwa njia ya mtoto aliyeumwa mguuni akitoka shule, au mama aliyekwaruzwa akimtenganisha mbwa na mwingine, au mwenye mbwa aliyetia mkono kinywani mwa mnyama wake akidhani anamsaidia. Kwa hivyo nina maoni juu ya jambo hili, nayo ni haya: kila anayefuga mbwa anapaswa kukijua kinywa cha mbwa wake wakati mnyama angali mzima. Afanye hivyo kwanza kwa faida ya mbwa mwenyewe, ambaye huumwa na meno bila kusema. Pili, afanye hivyo kwa usalama wa jamaa yake, kwa maana siku kinywa hicho kitakapobadilika ghafla, huenda uhai wa mtu ukategemea jambo moja: kama mwenye mbwa atatambua mabadiliko hayo na kuuzuia mkono wake.

UKOGA HUANZA KIMYA KIMYA

Mtoto wa mbwa huwa na meno 28 ya utotoni. Huanza kuota akiwa na umri wa majuma matatu hivi. Kufikia miezi sita au saba, meno hayo huwa yamekwisha kung'oka na mahali pake kuota meno 42 ya kudumu, kumi zaidi ya yale ya mtu mzima. Mbele kuna meno madogo ya kutafuna viroboto na kung'ata vitu vidogo, pembeni kuna chonge nne, na nyuma kuna magego, mengine makali kama mkasi.

Mbwa hatobokwi na meno mara nyingi kama sisi. Mate yake hayana uchachu mwingi, na meno yake yamechongoka, hivyo chakula hakituami juu yake. Shida ya mbwa iko kwenye fizi. Baada ya kula, utando laini wa bakteria hujitanda juu ya meno. Usiposuguliwa, utando huo hushika madini yaliyomo kwenye mate na katika siku chache tu hugeuka ukoga mgumu wa rangi ya manjano au kahawia. Hali ile ile ya mate inayomkinga na matundu ndiyo inayoharakisha ukoga kuwa mgumu kama saruji.

Ukoga ukishafika chini ya ufizi, ufizi huvimba, huwa mwekundu, hutoka damu ukiguswa, kisha huanza kuachana na jino. Usaha huingia katika nafasi hiyo na mfupa unaolishikilia jino huliwa polepole. Mbwa wengi waliotimiza miaka mitatu tayari wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani, na mbwa wadogo wa kufugwa ndani ya nyumba huathirika zaidi kwa kuwa meno yao yamesongamana. Bakteria wa ufizi mbovu huingia katika damu, na wataalamu wameuhusisha ugonjwa mkali wa fizi na madhara katika moyo, ini na figo.

Mbwa haonyeshi maumivu kama mtu. Hatalia wala kushika shavu. Ataendelea kula kwa sababu njaa ni kali kuliko jino. Lakini ukimtazama kwa makini utaona anatafuna kwa upande mmoja, anadondosha chakula na kukiokota tena, anasugua uso sakafuni, au anakwepa kuguswa kichwani. Harufu mbaya ya kinywa ndiyo dalili ya kwanza ambayo watu wengi huinusa na kuipuuza wakisema, "Mbwa ni mbwa tu." Sivyo. Kinywa cha mbwa mzima hakinuki uozo. Mbwa anayenuka kinywa ni mgonjwa.

Wapo pia mbwa ambao walikuwa wapole na ghafla wakawa wakali kwa watoto wa nyumbani. Mara nyingine mbwa kama huyo hafikiriwi kwa lolote ila kufukuzwa au kuuawa, ilhali kilichompata ni jino bovu ambalo mtoto aliligusa alipomshika shavu. Mnyama mwenye maumivu huuma. Hilo peke yake ni sababu tosha ya mzazi kujali meno ya mbwa.

MIFUPA, KWATO NA WAYA

Mbwa wetu wengi hula ugali uliochanganywa na omena au matumbo, makombo ya mezani, au unga wa mbwa uliopikwa. Si vyakula vibaya ikiwa vinatosha, lakini ni laini na hunata. Havisugui meno hata kidogo. Mwenye mbwa akitambua hivyo, hufikiri dawa ni mifupa, na hapa Thika na Ruiru mifupa si haba. Kila penye nyama choma, wateja huondoka na kifurushi cha mifupa ya kumpelekea Simba au Tiger nyumbani.

Mfupa uliochomwa au kupikwa hukauka, na ukivunjwa hupasuka vipande vyenye ncha. Vipande hivyo huchoma fizi, hukwama kati ya magego ya juu kukingama kaakaa, au hushuka tumboni na kutoboa utumbo. Mfupa mgumu wa paja na ukwato wa ng'ombe nao huvunja meno. Jino linalovunjika mara nyingi ni gego kubwa la juu, ambalo lina mizizi mitatu. Likivunjika hadi kwenye kiini, usaha hujikusanya kwenye mizizi na uso wa mbwa huvimba chini ya jicho. Mwenyewe huona uvimbe, akadhani mbwa ameumwa na nyuki au ana ugonjwa wa jicho, akamtia dawa ya macho kwa majuma mawili. Uvimbe hupasuka, usaha hutoka, kidonda hufunga, kisha huvimba tena. Yule anaugua jino.

Kipimo rahisi ni hiki: kitu unachompa mbwa atafune, kikwaruze kwa ukucha wa kidole gumba. Kama ukucha hauachi alama, ni kigumu mno kwa meno yake.

Jambo jingine ambalo halisemwi ni kifungo. Mbwa anayefungiwa kibandani tangu asubuhi hadi saa tatu za usiku, akiachwa bila mazoezi wala kazi, hutafuna waya, nondo na mnyororo. Mtazame chonge zake kwa upande wa nyuma. Utaona zimelika, na siku moja zitakatika. Huyo ndiye mlinzi uliyemweka akulinde, naye amemaliza silaha yake akipigana na kibanda chake mwenyewe. Dawa yake ni kumtoa, kumtembeza, kumwachia nafasi ndani ya ua, na kumpa kitu kisicho kigumu cha kutafuna.

DAWA ZETU SI DAWA ZAKE

Katika maduka ya dawa watu huja kununua vidonge vya maumivu na mara nyingine hutaja, kama utani, kwamba ni vya mbwa. Naomba tuliache jambo hili. Brufen na diclofenac, ambazo sisi huzimeza bila kufikiri sana, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo zake. Panadol ikizidi kipimo chake huharibu ini. Mbwa ana dawa zake za maumivu, na anayejua kipimo ni daktari wa mifugo.

Hali kadhalika dawa ya meno ya watu. Sisi husukutua na kutema. Mbwa hatemi, humeza yote pamoja na povu na floridi. Isitoshe, baadhi ya dawa za meno, na chingamu nyingi zisizo na sukari, hutiwa kitu kiitwacho zailitoli ili ziwe tamu. Kwetu hakina neno, lakini kwa mbwa ni sumu: hushusha sukari ya damu kwa haraka na chaweza kuua ini. Chumvi na magadi navyo visitumiwe kumsugulia meno.

NAMNA YA KUMZOEZA

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Ukileta mtoto wa mbwa nyumbani, anza juma lile lile kumgusa uso. Siku za kwanza inua mdomo wa juu kwa kidole, tazama, umwachie na umsifu. Usimng'ang'anie. Akizoea, funga kitambaa safi chenye maji kwenye kidole na upitishe juu ya meno ya nje. Baada ya majuma mawili au matatu waweza kutumia mswaki laini wa mtoto, na dawa ya meno ya mbwa ukiipata kwa daktari wa mifugo. Ukiikosa, maji matupu yanatosha, kwa sababu kazi kubwa hufanywa na kule kusugua.

Huhitaji kumpanua kinywa. Sugua upande wa nje tu, pale jino linapokutana na ufizi, hasa kwenye chonge na magego ya juu, nusu dakika kila upande. Kila siku ndiyo bora. Ukishindwa, usipungue mara tatu kwa juma, kwa kuwa ukoga hausubiri Jumapili. Mswaki huo uwe wa mbwa peke yake, uwekwe mbali na ya watoto, nawe unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Kazi hii ifanywe na mtu mzima. Mtoto asiachiwe.

Ukiwa hapo, tazama. Fizi ziwe za rangi ya waridi, au nyeusi kwa mbwa aliyezaliwa na weusi huo. Tazama kama kuna jino la utotoni lililokataa kung'oka likasimama sambamba na la kudumu. Likipita miezi saba lipeleke kwa daktari. Tazama kama kuna nyama iliyoota ikifanana na koliflawa na inayotoka damu. Mbwa wanaozurura huambukizana aina ya saratani wanapopandana au kulambana, nayo mara nyingine huota puani au kinywani. Ikigunduliwa mapema, hutibika kwa dawa ya sindano.

Kwa mbwa mtu mzima ambaye hajawahi kuguswa kinywa, au aliye mkali, usianze leo na mswaki. Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki, wala haufai kukwanguliwa nyumbani kwa kisu au msumari. Hukwanguliwa na daktari mbwa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, maana ugonjwa wenyewe uko chini ya ufizi, mahali ambapo mbwa aliye macho hatakubali kifaa kifike. Uliza gharama mapema na ulinganishe. Hakikisha pia kwamba anayekuhudumia amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Si kila mwenye koti jeupe na mkoba wa sindano ni daktari.

HAPA NDIPO MKONO USIMAME

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mbwa alikula vizuri juzi. Leo taya lake limeshuka, mate yanamchuruzika, anajaribu kunywa maji na maji yanamrudi. Sauti yake imekuwa ya kukwaruza. Mwenyewe anatazama na kusema, "Amekwamwa na mfupa." Anakunja mikono ya shati, mtoto wake anamshikia mbwa kichwa, naye anatia vidole hadi kooni kuutafuta mfupa. Hakuna mfupa. Siku mbili tatu baadaye mbwa anakufa, na habari inaishia hapo kwa sababu hakuna aliyeumwa.

Nasema kwa msisitizo kwamba hiyo ni moja ya sura za kichaa cha mbwa. Watu wengi wamezoea kufikiri kwamba mbwa mwenye kichaa ni lazima akimbie ovyo njiani akiuma kila kitu. Wapo wa namna hiyo. Lakini wapo ambao ugonjwa huwapooza. Taya hulegea, koo hukataa kumeza, mate hujaa, na mnyama huwa mpole na mnyonge, akijificha gizani. Anatia huruma, na huruma hiyo ndiyo hatari. Virusi vimo katika mate yanayomiminika, na mkono uliokwaruzwa na mwiba jana shambani, au na jino la mbwa leo, ni mlango ulio wazi.

Virusi hivyo vikiingia mwilini husafiri katika mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo. Kwa kawaida safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, ingawa yaweza kuwa siku chache au hata kupita mwaka. Wakati wote huo mtu hana dalili na aweza kuokolewa kwa chanjo. Dalili zikishaanza, yaani homa, mwasho mahali pa kidonda, wasiwasi, kushindwa kumeza, kuogopa maji, hakuna hospitali nchini wala ng'ambo yenye tiba ya kutegemewa. Mgonjwa hufa. Katika udaktari ni magonjwa machache ambayo twasema maneno hayo bila kusitasita.

Kichaa cha mbwa si kigeni kwetu. Kilithibitishwa nchini mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Zaidi ya miaka mia moja imepita na bado tunacho. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka duniani, wengi wao wakiwa Afrika na Asia, na kwamba karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne ni watoto wasiotimiza miaka 15.

Je, mwenye mbwa atatofautishaje jino bovu na kichaa? Ugonjwa wa fizi huja polepole kwa miezi. Harufu hutangulia, ukoga huonekana, na tabia ya mbwa haibadiliki sana. Kichaa huja kwa siku. Mwenye kukagua kinywa cha mbwa wake kila juma atajua kwamba juzi hapakuwa na jino bovu wala kidonda, kwa hivyo mate ya leo si ya jino. Asiyewahi kukagua hana la kulinganisha, ndipo hutia mkono akatafute. Lakini hata aliye mjuzi asijaribu kukata shauri mwenyewe. Mabadiliko ya ghafla ya kinywa, kumeza au sauti, hasa kwa mbwa asiye na chanjo, yana jibu moja: funga lango, ondoa watoto, usimguse, mwite daktari wa mifugo. Kama kweli ni mfupa, daktari atautoa. Mbwa hafi kwa kumngoja daktari saa mbili.

Na mbwa usiyemjua, yule koko anayelala sokoni au kando ya kituo cha matatu, asiguswe kinywa kwa hali yoyote.

UKIUMWA AU UKIINGIWA NA MATE

Osha kidonda mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 za saa, si za kukisia. Sabuni ya kipande cha kufulia yafaa kabisa. Virusi hivi vimevikwa utando wa mafuta, na sabuni huuvunja utando huo kama inavyovunja mafuta kwenye sufuria. Hatua hii ndogo, isiyo na gharama, huokoa maisha. Usipake mafuta ya taa, pilipili wala majani. Usikifunge kidonda kwa nguvu wala usidai kishonwe.

Kisha nenda hospitalini siku hiyo hiyo, iwe Thika Level 5, hospitali ya Ruiru au kituo kilicho karibu nawe. Usingoje kuona mbwa atakuwaje. Chanjo hutolewa mara kadhaa. Ratiba ambayo imetumika kwa muda mrefu ni ya sindano tano: siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14 na ya 28 tangu ile ya kwanza. Kwa kidonda kirefu, au cha usoni na mikononi, huongezwa dawa maalumu ya kinga inayodungwa kandokando ya kidonda. Ukianza, maliza. Wengi huacha baada ya sindano ya pili kwa kuwa kidonda kimepona, wakisahau kwamba virusi havijali kidonda kimefunga au la. Muulize daktari pia kuhusu pepopunda.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa mawe na kutupwa. Akiwezekana kufungiwa mahali salama, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa wa mifugo. Akibaki mzima siku hizo zote, hakuwa na virusi katika mate siku aliyouma, na daktari aweza kupunguza matibabu. Akifa, afisa aarifiwe ili kichwa kipelekwe kuchunguzwa katika maabara ya mifugo kule Kabete. Mzoga uliozikwa haraka huzika na ushahidi.

Wako wanaoamini kwamba mate ya mbwa ni dawa, na kidonda kikilambwa hupona. Watoto wengine hufundishwa hivyo. Huu ni upotofu. Mbali na kichaa, kinywa cha mbwa, hata kilicho safi, kina bakteria wanaoweza kuvimbisha mkono mzima kwa siku moja. Kwa mtu mwenye kisukari, aliyeondolewa wengu, au ambaye ini lake limeharibiwa na pombe, bakteria hao waweza kusambaa katika damu na kumwua.

WAJIBU WA KAUNTI NA WETU

Serikali ilizindua mpango wa kitaifa mwaka 2014 wenye lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Msingi wake ni kuwachanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka baada ya mwaka, maana kiwango hicho ndicho hukata mnyororo wa maambukizi. Huduma za mifugo ziko mikononi mwa kaunti, na kwetu hiyo ni Kiambu.

Nina mapendekezo mawili. La kwanza, siku za chanjo zisingoje tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, peke yake. Zitangazwe mapema makanisani, misikitini, shuleni na katika mikutano ya wakazi, ziwafikie watu wa Kiandutu na Githurai Kimbo kama zinavyowafikia wa Membley, kwa kuwa virusi havijui bei ya kiwanja. Mbwa anapoletwa, afisa amfundishe mwenyewe kuinua mdomo na kutazama fizi. Ni kazi ya dakika mbili, na itamjengea mwenye mbwa mazoea yatakayodumu.

La pili, sisi madaktari wa watu na wale wa mifugo tuache kuishi kama majirani wasiosalimiana. Mtoto akija kwangu ameumwa, mbwa aliyemwuma angali mtaani. Jirani wa mtoto huyo ana haki ya kujua. Simu moja kwa afisa wa mifugo yatosha, na hospitali zetu zifanye simu hiyo kuwa sehemu ya matibabu, kama ilivyo sindano yenyewe.

Baadhi ya wasomaji watasema kwamba mswaki wa mbwa ni mambo ya matajiri, na kwamba mbwa wa babu zetu hawakupigwa mswaki. Ni kweli hawakupigwa. Wala hatukuwachungulia kujua waliumwa kiasi gani, na wengi hawakuishi miaka mingi. Lakini sitabishana na mtu asiye na muda wa mswaki. Namwomba mambo mawili tu yasiyo ya kitajiri. Mbwa achanjwe akitimiza miezi mitatu na kila mwaka baada ya hapo, na cheti kihifadhiwe. Tena mara moja kwa juma, wakati anampa chakula, amwinue mdomo na amtazame meno kwa dakika moja.

Leo jioni ukifika nyumbani, kabla ya kumpa mbwa wako mifupa uliyomfungia, mtafutie kwanza cheti cha chanjo. Ukikipata na tarehe yake haijapita, naye ni mpole na hajabadilika kwa lolote, mwinue mdomo umtazame. Usipokipata, mifupa na ingoje. Kesho asubuhi tafuta daktari wa mifugo.